Ulingo wa Kilo Moja na Robo

Shemeji hakunionyesha kwanza chumba cha kulala. Nilikuwa nimeshuka garini dakika kumi tu, miguu imevimba kwa safari ya ndege mbili, dada yuko jikoni na wali wake wa nazi ya kopo, na mumewe akanishika mkono kunipeleka nyuma ya banda la nyasi. Pale palikuwa na ndoo tano za plastiki zimejaa mchanga. Akazitenga tatu kwa mguu, akazitazama, halafu akanitazama tumboni. "Shemeji," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia mezani, "hizi tatu ndiyo wewe."

Hakukosea sana. Ndoo ya galoni tano hubeba mchanga mkavu wa kilo 30 hivi, na mimi sipungui 90. Zile mbili zilizobaki zilikuwa za kuvukia kile kilichoandikwa kwenye kibandiko: ratili 300, yaani kilo 136. Nilipata kujua baadaye kwamba namba hiyo ndiyo inayoonekana karibu kila mahali katika bidhaa za aina hii, na kwamba wiki nzima ya likizo yangu ingepita tukibishana nayo.

Nipo Penns Valley, bonde la mashamba katikati ya Pennsylvania, mwisho wa Septemba. Mahindi yamekauka yakisubiri kuvunwa, farasi wa Waamishi wanapita na vigari vyao kwato zikigonga lami, na milima mirefu ya pande mbili imeanza kugeuka rangi kuanzia juu. Siku chache zijazo unafunguliwa msimu wa kuwinda kwa upinde. Windo lenyewe ni yule mnyama ambaye sisi, kwa mazoea ya filamu, tunamwita kulungu, ingawa kulungu wetu ni mwingine kabisa. Huyu wa hapa ana mkia mweupe unaosimama kama bendera akishtuka. Nitamwita kulungu tu, maana dada na wapwa zangu wanamwita hivyo.

Kulungu huyu ana pua kali na macho yanayokamata kila kinachotikisika usawa wake, kwa hiyo mwindaji wa hapa hupanda mtini, futi 20 hivi, mita sita. Zamani alipanda na jukwaa zima lenye kiti, mzigo wa kumvunja mtu mgongo kabla hajafika. Katika misitu ya umma huruhusiwi kupigilia misumari wala kukaza vipandio vya parafujo kwenye mti. Kila kitu ukibebe, ukifunge kwa mkanda, ukifungue, urudi nacho. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye kile wanachokiita tandiko. Kuna wazee wa mambo hayo, kama John Eberhart wa Michigan, mwandishi wa vitabu vya kuwinda kwa upinde, waliokuwa wakiwinda hivyo tangu miaka ya 1980, lakini umma wa wawindaji umewafuata juzi juzi tu.

Tandiko ni kitambaa kigumu chenye mikanda, kinachoshika makalio na mapaja. Mbele kuna kitanzi, kwenye kitanzi karabina, kwenye karabina kamba inayozunguka shina juu ya kichwa chako. Unaegemea nyuma, uso ukielekea shina, unaning'inia. Nilipomwona shemeji amekaa ndani yake kwa mara ya kwanza, magoti yamegusa gome, niliona mtoto aliyebebwa kwa mbeleko, na mti ndio mama. Nilimwambia dada hivyo; akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Lakini mtu huyo aliyebebwa anahitaji pa kukanyagia. Hapo ndipo kinapoingia kijukwaa. Kile cha dukani ambacho shemeji alikinunua kwa dola zisizopungua 150 kina upana wa sentimita 35, na kutoka shinani hadi ukingoni sentimita 33. Nilikipima kwa mizani ya jikoni ya dada: kilo moja na robo. Kina uti mfupi wa sentimita 25 unaolala kwenye shina, mkanda unauzunguka mti kutokea juu ya uti, na ukisukuma kijukwaa chini kwa mguu, uti unajikaza dhidi ya gome mpaka mkanda unalia kama gitaa. Ni ulingo, kwa maana ileile ya zamani ya neno, kabla hatujawapa wanamasumbwi na wanasiasa. Ila ulingo huu unaingia kwenye begi la shule.

Sikuweza kuukubali kirahisi. Mimi nimekulia kwenye ulingo wa aina nyingine.

Bibi mzaa baba alikuwa na dungu bondeni Rufiji. Serikali ilishawahamisha watu kutoka bondeni kwenda maeneo ya juu mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, lakini mpunga haukuhama. Kila msimu watu walirudi chini kulima, na ukishaanza kutoa masuke lazima ulale nao. Mchana unaamia ndege. Usiku wanakuja nguruwe, na viboko wakitoka mtoni. Dungu la bibi lilikuwa na nguzo sita zilizochimbiwa, sakafu ya fito zilizofungwa kwa kamba za magome, paa la makuti, na ngazi ya gogo lenye vidato. Juu kulikuwa na nafasi ya watu wanne na jiko la udongo. Hakuna aliyewahi kulipima uzito. Nani apime uzito wa nyumba?

Kulipima nguvu, hilo lilifanyika kila mwaka, na halikufanyika kwa mchanga. Kabla hajapanda, bibi alichukua mchi akagonga kila nguzo chini, usawa wa goti, akainamisha kichwa. Nguzo nzima hujibu kwa sauti fupi, kavu. Iliyoliwa na mchwa hujibu kama ngoma. Akimaliza, alimwita baba mkubwa, ambaye alikuwa mnene kupita ndugu zake wote, akamwambia apande kwanza, asimame katikati, kisha atembee pembeni pembeni kama kuku anayetaga. Baba mkubwa alipanda huku akinung'unika. Fito zikilia, bibi aliinua kidole kuonyesha ni ipi, na mimi nilipelekwa kutafuta nyingine.

Neno hilo "zikilia" ndilo lililonikaa kichwani siku zote nilizokuwa Pennsylvania. Mti mkavu ukizidiwa haukatiki mara moja; nyuzi zake hupasuka moja moja, unazisikia. Unapata nafasi ya kurudi nyuma hatua mbili. Nilitaka kujua kama kijukwaa cha shemeji nacho kitaniambia kitu kabla hakijanitupa.

Na haikuwa jambo la mzaha kwetu. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya watu waliouawa na simba Tanzania tangu 1990: zaidi ya 563. Walionyesha pia uhusiano na nguruwe pori. Nguruwe wanaharibu mazao, mkulima anakwenda kulala shambani kuyalinda, na simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu. Rufiji ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Shemeji anapanda mtini ili mnyama asimhisi. Bibi alipanda ili asiliwe. Tofauti hiyo nilimweleza shemeji usiku wa kwanza, tukiota moto nje, naye akakumbuka kwamba aliwahi kuwaona simba wa Tsavo waliokaushwa kule Field Museum, Chicago, na filamu yao ameitazama mara tatu. Nikamwambia kwamba simba wa kwanza kati ya wale wawili, Desemba 1898, mhandisi Patterson, aliyewawinda, alimpiga risasi kutoka kwenye ulingo dhaifu wa miti, futi 12 tu kutoka ardhini, na kwamba usiku huohuo bundi alimgonga kichwani akidhani ni tawi. Shemeji alinyamaza kidogo. Halafu akauliza: ulingo ulifungwa kwa nini? Hapo nikajua nimepata mwenzangu.

Asubuhi tulianza. Kijukwaa cha dukani tulikifunga kwenye mwaloni mweupe nyuma ya banda, usawa wa kifua, tukaning'iniza ndoo. Tatu, nne, tano. Kilo 150, na hakikutikisika. Shemeji akafungua mikono kama mwinjilisti. Wapwa zangu wawili, wa miaka tisa na kumi na mmoja, wakapiga makofi.

Nikauliza ndoo zimening'inizwa wapi. Zilikuwa karibu na uti, sentimita kumi kutoka shinani, maana hapo ndipo ndoano zilipokaa vizuri. "Nani anasimama hapo?" nikasema. "Wewe ukiwa umeegemea nje, vidole vya miguu viko wapi?" Akatazama viatu vyake.

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Kijukwaa ni mkono wa mizani. Mzigo unakisukuma chini, uti unataka kubanduka juu, na mkanda ndio unaouzuia. Kilo 136 zikikaa sentimita 10 kutoka shinani, na uti una sentimita 25, mkanda unavutwa kwa nguvu ya kilo 54 kutoka mtini. Zihamishe kilo zilezile ukingoni, sentimita 33, na mvutano unakuwa kilo 180 hivi. Kibandiko hakikubadilika hata herufi moja, ila kazi imezidi mara tatu. Chama cha watengenezaji wa majukwaa ya mitini cha hapa, TMA, kinafuata vipimo vya ASTM, na vipimo hivyo vinagusa mzigo tuli, mzigo wa kurudiarudia, na hata maandishi ya lebo. Ni kazi nzuri. Lakini viliandikwa kwa kufikiria majukwaa makubwa yenye kiti, ambayo mtu hukaa kama yuko barazani. Mtu wa tandiko hakai. Anazunguka shina, anakanyaga pembe, anasukuma ubavuni.

Kwa haki ya kijukwaa, lazima niseme jambo lingine: ukishaning'inia kwenye tandiko, sehemu kubwa ya uzito wako iko kwenye kamba ya juu, na miguu inabeba kilichobaki. Wakati mbaya ni mwingine. Ni ule wa kuhama kutoka kwenye ngazi kwenda kwenye kijukwaa, gizani, saa kumi na moja alfajiri, buti lina umande, mwili mzima juu ya mguu mmoja. Ukikosea kwa sentimita kumi tu, unadondoka. Mwili wa kilo 90 ukidondoka sentimita kumi na kusimamishwa ndani ya sentimita mbili, kijukwaa kinapokea mara sita ya uzito huo, karibu kilo 540 kwa kitambo kidogo. Ndoo za mchanga zilizoteremshwa taratibu kwa mikono miwili haziwezi kukuambia habari hiyo.

Tukaleta winchi ya mkono na mizani ya kuning'iniza. Chini tulizungushia ardhini nanga ya chuma ambayo shemeji huitumia kufungia turubai za nyasi. Juu ya mnyororo tukatupia blanketi zito, maana kitu kilichovutwa kikikatika huruka, na blanketi hukilaza. Wapwa wakafukuzwa mpaka nyuma ya trekta. Vijukwaa vilikuwa vitatu: kile kipya cha dukani kilichokatwa kwenye bamba nene na kuchongwa kwa mashine, kimoja kikuukuu cha kumimina, alichouziwa na mtu kwenye mnada wa uani, na cha tatu, fahari ya nyumba, ambacho shemeji alikichomelea mwenyewe kwa bomba za mraba za alumini. Hicho kilikuwa chepesi kuliko vyote, kilo moja na gramu themanini.

Kipya kilijibu kistaarabu. Kwenye kilo 136 ukingoni, ukingo ulishuka milimita 11. Tulipolegeza, ukarudi isipokuwa milimita mbili, ambazo kwa maoni yangu zilikuwa za mkanda kujipanga kwenye gome. Tukaendelea. Kwenye kilo 220 hivi shemeji alisimamisha winchi bila mimi kusema, kwa sababu ukingo ulikuwa umeinama na haukuwa na nia ya kurudi. Hakuna kilichokatika. Kilikunja uso tu. Bibi angekipenda: hakikulia, lakini kiliinamisha kichwa, na hiyo nayo ni lugha.

Kikuukuu kiliuzidi mzigo huo tuli bila hata kujikunja, na shemeji akaanza kukisifia. Mgema akisifiwa, nikamwambia, akanitaka nimfafanulie, nikasema baadaye. Tukajaza mchanga wa kilo 40 kwenye kiroba, tukakifunga kamba, tukakiinua sentimita 30 juu ya pembe ya kushoto na kukiachia. Mara ya kwanza, kishindo tu. Mara ya pili, kishindo. Mara ya tatu pembe ilikuwa chini kwenye majani makavu na hatukusikia chochote kabla yake, si mlio, si kujikunja. Niliokota kile kipande. Sehemu iliyovunjika ilikuwa ya kijivu, chembechembe kama sukari guru iliyomegwa, na karibu na kona ya ndani palikuwa na tundu dogo jeusi, saizi ya punje ya ulezi, hewa iliyonaswa siku kilipomiminwa. Kwa miaka yote mtu alikuwa akikanyaga juu ya punje ile. Shemeji alikishika kipande kwa muda mrefu, akakitia mfukoni.

Jumapili tulipumzika, kwa amri ya dada.

Jumatatu ikaja zamu ya kile cha kuchomelea. Hapa ndipo safari yangu ilipoacha kuwa ya kuangalia. Baba yangu alikuwa fundi wa karakana ya reli, na nyumbani tulizungumza vyuma kama wengine wanavyozungumza mpira. Alumini, alikuwa akisema, ni chuma kisichosamehe. Chuma cha kawaida ukikipa mzigo mdogo kiasi cha kutosha unaweza kukirudia mara milioni na kisione. Alumini haina kiwango hicho, kila mzigo inauandika kwenye daftari lake. Tena ina uzito wa kama theluthi tu ya chuma, ndiyo maana kila mtu anaitaka. Shemeji alitumia namba 6061 iliyopikwa kwa daraja la T6, ambayo inavumilia mvutano wa megapaskali 310 hivi. Lakini ukiichomelea, moto wako unaipika upya, na ukanda ulio kando ya mshono hubaki na karibu nusu ya nguvu hiyo. Weldi inaweza kuwa nzuri kama hereni na bomba lililo pembeni yake limeshakuwa laini. Mtu hutazama mshono kwa sababu ndio unaong'aa.

Mzigo tuli kikashinda: kilo 180 ukingoni, bila kovu. Shemeji hakusema kitu, alitabasamu tu kwa upande mmoja. Nikasema sasa tukichoshe. Tuliweka ubao mrefu kama daraja, ncha moja juu ya ukingo wa kijukwaa, na wapwa wakapewa kazi ya kuruka karibu na ncha hiyo, huku sisi tumesimama pale pa kuona kama kitu kitateleza. Walihesabu kwa Kiswahili, kwa sharti langu. Baada ya mia na themanini walianza kuchanganya, wakarudi nyuma kumi kwa haki. Tulifika mia tatu. Kijukwaa kilikuwa vilevile. Shemeji akakipitishia kidole gumba kila mahali: hakuna.

Nikamwomba mafuta ya taa na chaki.

Hili nililiona mara nyingi nikiwa mdogo, baba akilifanya kwenye vyuma vya mabehewa. Unafuta kitu mpaka kiwe safi, unakipaka mafuta ya taa, unakiacha. Mafuta hayo ni membamba. Yanaingia hata pale ukucha usipoweza kuhisi. Baada ya nusu saa hivi unakifuta tena mpaka kikauke kabisa, unakinyunyizia unga wa chaki nyeupe, unasubiri. Tulikaa kwenye ndoo zetu za mchanga tukinywa kahawa. Mpwa mdogo alisaga chaki za shuleni kwa kijiko, nyeupe na, kwa bahati mbaya, moja ya waridi. Kwa dakika kadhaa kijukwaa kilionekana kama andazi lililovingirishwa kwenye sukari. Kisha, kwenye bomba la kulia, milimita tatu hivi kutoka kwenye mshono wala si ndani yake, chaki ikaanza kulowa. Unyevu ulianza kama nukta. Ukawa mstari mwembamba wa kijivu, urefu wa ukucha wa kidole gumba, umeinama kidogo kufuata weldi kama kivuli chake.

"Hakikusema kitu," akasema shemeji.

"Kimesema sasa," akajibu mpwa mkubwa.

Nilitaka tukivunje. Shemeji hakutaka, na nilimwelewa. Aliutumia usiku mwingi wa baridi ya Februari kukitengeneza. Lakini mimi ni wa upande wa baba mkubwa na kuku wake: kitu ambacho kipimo chake kinaishia pale unapotaka wewe kiishie, hukukipima, umekibembeleza. Tulikubaliana nusu. Hakivunjwi, lakini hakipandi mtini. Dada alikuwa amesikia kutoka dirishani, na jioni ile kijukwaa kilikuwa kimeshafungwa kwenye ukuta wa baraza la nyuma kwa skrubu nne, kimebeba mche wake wa mchaichai.

Kuna kipimo kingine kimoja ambacho hatukukipanga. Katika msitu wa Rothrock, upande wa pili wa mlima, tulikwenda kujaribu kijukwaa kipya kingine cha aina ileile ya kuchongwa, kwenye miti ya kweli. Kwenye mwaloni kilikaa. Kwenye hikori, ile ambayo magome yake yanabanduka vipande virefu kama rangi ya ukuta wa Mji Mkongwe, kilikaa vizuri mpaka shemeji alipokanyaga ubavuni. Kikashuka sentimita sita, ghafla, na kipande cha gome kikashuka nacho. Tulikuwa nusu mita kutoka ardhini kwa kusudi hilo, na kamba yake ya juu ilimshika. Mkanda haukukatika, bamba halikupinda. Kilichoshindwa ni ngozi ya mti. Hakuna kibandiko kinachotaja mti. Wakwezi wetu wa minazi wangelifahamu jambo hili kabla ya kufungua begi. Mkwezi huutazama mnazi kwanza, umelowa, umekufa kilele, una kuvu, halafu ndipo anajishughulisha na kamba zake.

Shemeji alilalamikia kitu kingine akiikunja mikanda: kindi. Ukiuacha mkanda mtini wiki mbili, anasema, wanakuja kuutafuna, hasa pale mikono ya mtu iliposhika na kuacha chumvi ya jasho. Nilidhani ananitania mpaka aliponionyesha mmoja, polyesta nzuri, kando yake imeliwa kama ukingo wa chapati.

Siku mbili kabla sijaondoka nilipanda mwenyewe, kwenye mwaloni uleule wa ndoo. Futi 20 si nyingi kuzisema. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, wahenga walisema, ila walisahau kutaja pale katikati, unapoacha ngazi na bado hujafika kwenye bati. Kamba ya kiuno ilikuwa inazunguka shina, ile ya juu nimeshaifunga na fundo lake la prusiki nimelivuta mara tatu. Kabla ya kuhamisha mguu niliinama nikakigonga kijukwaa kwa kifundo cha kidole, katikati, kisha pembeni. Kililia sauti fupi, kavu. Shemeji, chini, akauliza nabisha hodi kwa nani. Nikakanyaga. Nikaegemea nyuma, tandiko likanipokea, mapaja yakaanza kulalamika baada ya robo saa hivi, na jua likashuka nyuma ya mlima bila kulungu yeyote kujitokeza. Niliona bata bukini, na nikaona dada akitoka kumwagilia mchaichai.

Zawadi niliyoileta nyumbani ni mkanda mmoja mpya, wa polyesta, wenye kaba ya chuma. Baba mkubwa sasa ni mzee na amepungua, hapandishwi tena dungu kupimia fito. Nilimpelekea Ikwiriri. Akaufungua, akauvuta kwa goti, akaunusa, akausogeza karibu na jicho lililo zima.

"Huu mchwa hauli?"

Nikamwambia hauli.

"Na panya?"

Nikawakumbuka kindi. Sikujibu upesi, naye hakungoja. Alinyanyuka, akaukunja, akautundika kwenye msumari wa juu kabisa, chini ya makuti, pale anapotundika mbegu.